Alama Moja ya Cherehani

Ndugu zangu, kaeni niwasimulie, ila msinitake nitabasamu.

Asubuhi moja tulivu Mama Pindo alikuwa barazani akishona sare za shule za watoto wa mtaa, bintiye kando akimkatia nyuzi kabla ya kwenda darasani. Ndani, mume wake alikuwa hainuki kitandani, mwaka wa pili sasa. Kazi ya cherehani iliwapa uji. Dawa ilikuwa bahati. Ndipo akaja karani wa mradi wa kugawa fedha kwa kaya maskini, fomu mkononi.

"Mama, una cherehani?"

"Si hii unayoiona, mwanangu? Kikanyagio chenyewe nimekifunga kamba."

Karani akaandika, akajumlisha. "Umezidi kiwango cha kaya maskini kwa alama moja. Una mali, hupati."

"Mbona hujaniuliza jana tulikula nini?"

"Fomu haina swali hilo."

Mama Pindo alikosa usingizi wiki nzima, akisikia mume anavyokohoa. Mwishowe alimuuzia jirani wa ng'ambo ya barabara cherehani ile kwa bei ya kutupa, akamwita karani arudie fomu. Safari hii akapita. "Hongera, mama," karani akamwambia, kama vile umaskini ni mtihani.

Fedha zilikuja miezi sita, zote zikaishia kwenye dawa. Mwezi wa saba mradi ukafungwa. Kisha ukarudi na jina jipya: mtaji kwa wenye biashara ndogo. Mama Pindo akawahi foleni. Karani alikuwa yule yule.

"Biashara yako iko wapi, mama?"

Mama Pindo akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Jirani alikuwa akishona sare. Chini kando yake, saa nne asubuhi, siku ya shule, alikaa binti akikata nyuzi kwa ujira wa sahani ya chakula.

"Ile pale. Na yule ni mwanangu. Ulisema nina mali, nikakuamini."

Karani akatazama fomu yake. "Anayefuata," akasema.

FUNZO

Ninyi mnaopanga miradi hii, nawaambia bila kupepesa macho: kifaa cha kazi si utajiri. Mkimnyima mtu kwa sababu anajituma, mnamlazimisha auze mikono yake ndipo mumwonee huruma. Ulizeni kwanza watu wamekula nini, na msiwaache njiani.

Na sisi majirani tusijifiche nyuma ya karani. Cherehani ile ilivuka barabara mchana kweupe, tukaiona, na mmoja wetu akaomba apunguziwe bei.