Ubao wa Kilo Sabini na Moja

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Novemba, ukumbi ulioko chini ya kanisa la parokia, mtaani Limoilou katika jiji la Québec, ulijaa watu tangu mlangoni hadi jikoni. Ndiyo siku ambayo wenyeji huuziana vifaa vya theluji vilivyokwisha kutumika, na mwenye kutaka kilicho chema hana budi kudamka. Hewa ilinuka nta, soksi zenye unyevu na supu ya njegere.

Odile Gaudreault, mfamasia wa miaka thelathini na minne, alikuwa amevaa koti la sufu la rangi ya zambarau, vifungo vimefungwa hadi kidevuni, na juu yake shali mbili. Hakuna aliyeweza kujua ndani ya koti lile mlikuwa na mtu kiasi gani, na ndivyo alivyotaka mwenyewe. Aliuona ubao mmoja wa kutelezea kwenye theluji, mrefu, mwembamba, wenye pua fupi, umeegemezwa ukutani nyuma ya mbao pana za vijana. Alipoushika, mkono mwingine nao ukaushika.

"Bibie, huo ubao si wako," alisema mwenye mkono.

"Umeandikwa jina?"

"Umeandikwa. Ugeuze."

Odile akaugeuza. Karibu na mkia palikuwa na herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto: F. Pelchat, 7.

"Kumbe wewe ndiye Pelchat. Umeuchoka, ukauleta hapa, na sasa unaulilia?"

"Aliyeuchoka ni mwingine. Mimi niliuunda. Mbao zangu zikirudi sokoni nazinunua, nazipasua katikati kwa msumeno, naangalia gundi imezeekaje."

"Unazipasua. Mtu mzima na akili zako."

"Wengine hukusanya stempu."

Kutoka kwenye sufuria ya supu, mwanamke mnene mwenye aproni ya maua aliinua mwiko. Huyu alikuwa Noëlla, shangazi yake Fabien Pelchat, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Fabien, mpishe binti wa watu. Miaka arobaini unalala na msumeno, huoni umechelewa?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Fabien, mtu mrefu mwenye ndevu fupi na vumbi la mbao kwenye nyusi, hakucheka wala hakukasirika. Alimwomba Odile kiatu. Odile akakitoa mkobani: kiatu kigumu cha plastiki chenye komeo nne, kile wanachokivaa wachongaji wa theluji, ambao hawachezi wala hawaruki, bali huulaza ubao ubavuni kila wanapokata kona hadi nyonga zao zinagusa chini. Fabien akakiweka juu ya kiuno cha ubao, pale katikati palipo pembamba.

"Tazama. Kiatu kinatokeza pande zote mbili. Ukilala kwenye kona, plastiki itagusa theluji kabla ya ukingo wa chuma kuuma, na utajikuta umekaa kitako."

"Yaani nina miguu mikubwa."

"Nimesema ubao ni mwembamba. Mimi nina adabu zangu."

Odile alicheka kwa sauti, na kicheko kile kilimshangaza mwenyewe, kwa kuwa hakuwa amecheka hivyo tangu majira ya baridi yaliyopita.

Mwezi wa Machi mwaka ule, madaktari walimkata sehemu ya utumbo. Alilala kitandani miezi mitano. Aliingia hospitali akiwa na kilo sabini na moja, akatoka na hamsini na sita, na daktari hakumficha kwamba kilo zilizopotea huenda zisirudi kamwe. Mchumba wake wa wakati ule, Étienne, alianza kusema naye kwa sauti ya chini kama ya wodini, akawa anamkatia nyama sahanini, na mwishowe akaondoka huku analia kana kwamba mgonjwa ni yeye. Odile aliapa moyoni kwamba hakuna mwanamume mwingine atakayemtazama kwa macho yale. Katika ujana wake alikuwa amewahi kushinda mashindano ya kuchonga theluji. Alitamani arudi mlimani kama alivyokuwa, na aonekane kama alivyokuwa.

Hamu hiyo haikuwa na kosa. Kosa lilikuja na kalamu.

Wiki mbili baadaye alikwenda kuagiza ubao wa kipimo chake kwenye karakana ya Fabien, banda la magari lililo katika kichochoro nyuma ya nyumba yake. Mtambo wa kubania mbao ulijaza nusu ya chumba. Ukutani, kila ubao uliopata kuundwa mle ulikuwa na kadi yake, imejazwa kwa mkono wa mwenye ubao: urefu wa mguu, mguu unaotangulia, mlima anaoupenda, uzito, na anwani.

"Mbona usiwapime mwenyewe?" Odile aliuliza.

"Mtu akiniamini miguu yake, na mimi namwamini maneno yake. Nikianza kumpima kama gunia, tutakuwa wafanyabiashara tu." Akamsogezea kadi. "Uzito ndio moyo wa kazi. Ubao wa kuchonga lazima upinde chini yako. Ukiwa laini mno, utakunjamana. Ukiwa mgumu mno, utakwenda moja kwa moja hata ukiusihi. Unene wa mbao ya ndani naupata hapo."

Odile aliishika kalamu. Yeye ambaye kila siku huwauliza wagonjwa uzito wao kabla ya kuwapimia dawa, aliandika kwa mwandiko safi: kilo 71.

Mapenzi yao yalikua majira yale, jiji likizidi kuzama katika theluji. Kila jioni simu ililia saa moja kamili.

"Mpenzi, umekula?"

"Chipsi za mchuzi na jibini."

"Tena? Wewe mfamasia au dereva wa lori?"

"Na wewe umekula nini, vumbi?"

"Vumbi la mbao ngumu, bibie. La hali ya juu. Leo nimeanza kuranda moyo wa ubao wako."

"Unaendeleaje?"

"Mkaidi kama mwenyewe."

Jumapili moja ya Desemba ngazi za nje za nyumba ya Odile ziliganda barafu tupu. Fabien akamnyanyua, akamteremsha mikononi, daraja moja baada ya jingine. Walipofika chini hakumweka mara moja. Alimtazama kwa namna ya mtu anayetaka kuuliza jambo, kisha akamweka, akampangusa theluji begani. Odile aliliona swali lile, na akashukuru kwamba halikutoka.

Katikati ya Januari ubao ulikamilika: wa rangi ya asali, kiuno kimepanuliwa kwa ajili ya mguu wake, namba 23. Walikwenda nao mlimani nje ya jiji asubuhi ya baridi kali, theluji ikiwa imepigwa pasi na mashine usiku kucha. Odile alivaa suruali nyekundu aliyoshindia zamani. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu. Akateremka. Akalala kwenye kona ya kwanza kama mwili wake ulivyokumbuka.

Ubao haukupinda. Ulikwenda moja kwa moja kama reli, hadi ukingoni mwa njia, ukamtupa kwenye kifusi cha theluji ngumu, bega likitangulia. Akajaribu tena. Ukamtupa tena. Mara ya tatu, Fabien alimfikia na kupiga magoti kando yake, uso wake mweupe kuliko mlima.

"Basi," alisema. "Usiupande tena. Ni mimi. Nimekosea mahali."

Huo ndio wakati ambao Odile angesema. Maneno yalikuwa mepesi na mawili tu: nilidanganya uzito. Badala yake alisema, "Labda nimesahau," akageuza uso.

Bega lilikuwa limevilia damu tu, halikuvunjika. Lakini jioni ile saa moja simu haikulia, wala kesho yake. Odile aliwaza kwamba Fabien ameyajua yote na amechukizwa. Fabien naye, kama ilivyokuja kujulikana, aliwaza kwamba Odile amekaa kimya kwa sababu ya kumlaumu. Siku tisa zikapita hivyo, watu wawili wazima kila mmoja na simu yake mezani.

Siku ya tisa, Odile akiwa kazini, akapiga Shangazi Noëlla.

"Binti yangu, mmegombana?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi kuna nini? Fabien anauuza mtambo. Jumatatu mtu anakuja na lori. Mwaka juzi ubao wake mmoja ulifunguka gundi, kijana wa watu akavunjika mtulinga. Tangu hapo aliapa kwamba kazi yake ikimwangusha mtu mwingine, ataacha. Sasa nasikia imekuangusha wewe. Hali chakula. Anaupima ubao ule asubuhi na jioni, anatafuta kosa halioni. Anasema mikono yake imekwisha."

Odile aliirudisha simu mfukoni. Alirudi kwenye kaunta ya dawa, ambako alisimama mzee mmoja mwembamba aliyeshika cheti cha daktari.

"Uzito wako, baba?"

"Themanini."

Odile alimtazama. Suruali ya mzee ilishikiliwa na kanda za mabegani. "Themanini ya lini?"

"Ya zamani kidogo."

"Baba, dawa haijui ya zamani. Nikikupimia kwa themanini itakuumiza, halafu watu watasema mfamasia hajui kazi. Utakuwa umenidhulumu mimi na nafsi yako."

Mzee akainamisha kichwa, akapanda mizani. Odile aliisoma namba, akaiandika, akampa dawa yake na maelezo yake kwa ukamilifu. Kisha akavua koti jeupe, akamwachia mwenzake kaunta, akaichukua ile mizani kwapani.

Alikwenda kwa miguu, theluji ikimpiga usoni. Fabien alikuwa akifungua nati za mtambo. Hakusimama alipomwona.

"Bega lako?"

"Limepona. Fabien, acha hiyo spana."

Akaweka mizani sakafuni. Akavua shali ya kwanza, akavua ya pili, akavua koti la zambarau, akavua na sweta, akabaki na blauzi nyembamba iliyoonyesha mifupa ya mabega. Akapanda. Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye hamsini na saba.

"Utumbo wangu ulikatwa mwezi wa Machi," alisema. "Niliandika uzito wa mtu aliyekuwepo kabla. Ubao wako hauna kosa. Umenitafuta mimi yule, haukunikuta."

Fabien aliinama akaisoma namba. Alipoinua macho, Odile alijikaza kuipokea huruma aliyoiogopa. Hakuikuta. Aliikuta hasira.

"Siku tisa," alisema Fabien. "Nimeipima gundi. Nimeipima mbao. Nimeipima mikono yangu, nikidhani inatetemeka. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungeacha mtambo uondoke?"

"Sikujua habari za mtambo mpaka leo. Lakini nilikuona pale mlimani ukijilaumu, nikakuacha ujilaumu. Hilo nililiona kwa macho yangu."

"Kwa nini, Odile?"

"Mwanamume wa mwisho kujua alianza kunikatia nyama."

Fabien aliiweka spana juu ya meza, polepole, kama kitu cha kuvunjika. Akageuka ukutani akampa mgongo.

"Mimi nami nina langu," alisema hatimaye. "Siku ile ya ngazi nilikubeba. Mikono hii imebeba mbao maisha yake yote, inajua kilo sabini na inajua kilo hamsini. Iliniambia. Nikaiambia inyamaze, kwa kuwa kadi ni mwandiko wako, na kwa kuwa niliogopa jibu. Kisha nikaenda kuulaumu mkono uliosema kweli."

"Nisamehe."

"Leo nina hasira bado."

"Nitangoja."

"Nenda nyumbani. Vaa hayo makoti yako yote, nje kuna baridi. Nitakupigia nikiweza."

Odile akavaa, akaondoka, mizani akaiacha. Jumatatu lori lilikuja na kurudi tupu. Noëlla ndiye aliyemletea habari hiyo. Fabien alipiga simu Alhamisi, saa moja kamili.

"Umekula?"

"Bado," Odile alijibu.

"Njoo basi. Shangazi ameleta pai ya nyama. Utajikatia mwenyewe."

Mwishoni mwa Machi, mwaka mmoja tangu kisu cha madaktari, walisimama tena juu ya mlima ule. Ubao ulikuwa mpya, namba 24, mfupi kidogo, moyo wake umerandwa mwembamba. Namba 23 ulibaki karakanani, haukupasuliwa. Odile alishuka bila shali. Kwenye kona ya kwanza alilala, na ubao ukapinda chini yake, ukauma, ukamrudisha juu na kumpeleka upande wa pili. Kona ya pili, ya tatu, hadi chini kabisa, glovu yake ikipapasa theluji. Nyuma yake ulibaki mstari mmoja, mwembamba kama wa penseli, usiokatika popote.

Fabien aliufuata mstari ule kwa miguu, ubao wake begani, akiuchunguza hatua kwa hatua kama mtu anayesoma barua. Alipomfikia Odile alitoa kadi kutoka mfuko wa ndani, na kipande cha penseli.

"Hujanijazia ya namba ishirini na nne."

Odile akavua glovu, akaandika akiegemeza kadi kwenye goti. Mguu unaotangulia: wa kushoto. Uzito: kilo 57. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya anwani. Hapo Fabien aliweka kidole chake.

"Anwani usiandike ya kule kwenye ngazi," alisema. "Kama utakubali, andika ya kichochoroni. Kwangu. Kwa ndoa, mbele ya padri na Shangazi, si vinginevyo."

"Na nisipozirudisha zile kilo?"

"Mimi siulizi za zamani."

Odile akakiondoa kidole cha Fabien taratibu, akaandika anwani ya kichochoroni, namba ya nyumba na jina la mtaa, kwa mwandiko uleule safi alioandikia uongo wake. Kisha akampa aisome.