Damu ya Dhadho na Mbegu za Papai

Kila alfajiri Mwanasha aliteremka mtoni kuchota maji, kisha akafuatana na baba yake, Mzee Komora, hadi shamba lao la mpunga kando ya mto Tana, si mbali na Garsen. Kazi ya watoto ilikuwa kufukuza ndege. Mdogo wake Mwanasha, Dhadho, alitakiwa kuwa nao, lakini mara nyingi aliketi chini akishika magoti na kulia.

"Mtoto huyu ni mvivu tu," baba alisema. "Jana alicheza mpira, leo ana miguu ya mzee!"

Mwaka wa 1956, wakati wa jua kali, Dhadho aliumwa hata akashindwa kusimama. Mama alimsihi baba mpaka akakubali kumpeleka kwa mtumbwi hospitali ya Ngao, na Mwanasha akaenda nao ili amuuguze. Huko Bwana Athman, mpimaji wa damu, alimdunga Dhadho kidoleni, akaitazama damu kwa hadubini. Kisha akawaita wote wachungulie. Seli nyingine zilikuwa za mviringo, nyingine zimepinda kama mundu.

"Hizi zilizopinda ndizo zinazomtesa," alieleza. "Zinakwama kwenye mishipa myembamba. Damu ikizuiwa, mwili unauma."

Baba alitikisa kichwa. "Mimi nimeona madoa tu, Daktari. Kesho narudi naye shambani."

"Mzee, siwezi kukufungulia mishipa uione. Lakini nipe nafasi nikuundie mfano wake."

Asubuhi Athman alikata kikonyo cha jani la mpapai, ambacho ndani kina uwazi kama bomba. Akakibana kwa uzi katikati kiwe chembamba. Mwanasha alichonga vipande vilivyopinda kutoka kibuyu kilichovunjika. Kwa seli za mviringo walichukua kunde. Walipomimina pamoja na maji, vipande vya kibuyu vilikwama. Walipojaribu kunde, nazo zikakwama!

Mwanasha aliingiwa na hofu. Baba angefika wakati wowote. Akaokota kijiti, akaanza kuzisukuma kunde.

"Unafanya nini, binti?"

"Nazisaidia zipite, Daktari. Baba akiona hivi atamchukua Dhadho."

"Ukizisukuma, tutamdanganya baba yako, na sisi wenyewe hatutajua kitu. Mfano umetuonyesha kwamba tumekosea. Tujiulize tumekosea wapi."

Mwanasha aliinamisha kichwa kwa aibu. Baada ya kufikiri akauliza, "Seli nzima ni ngumu kama kunde?"

"La! Ni laini. Hujikunja ikapita."

Mwanasha alipasua papai bivu, akatoa mbegu zenye ute. Hizo ziliteleza zikapita. Wakarudia tena na tena, kila mara wakibadilisha kitu kimoja tu. Maji yalipokuwa mengi, vipande vya kibuyu vilivyokwama vilikuwa vichache. Maji yalipopungua, vilisongamana.

Baba alipokuja, Athman alimweleza kuwa mbegu ni seli nzima na vipande vya kibuyu ni zile zilizopinda, akampa kopo amimine mwenyewe. Mbegu zikapita. Alipomimina vipande vya kibuyu, maji yalianza kudondoka kidogo kidogo, kisha yakakatika. Alitoa kisu, akapasua kikonyo, akaviona vimerundikana.

"Tuneya naye alilia miguu hivi hivi," alisema kwa sauti ya chini. Tuneya alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kabla Mwanasha hajazaliwa. "Nilimpeleka juani. Nilimwita mvivu."

Mwanasha hakuwa amewahi kumwona baba yake akitokwa na machozi kabla ya siku hiyo.

"Hukujua, Mzee," Athman alisema.

"Kuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu?"

"Bado. Lakini anywe maji ya kutosha, asikae juani wala kwenye baridi, na akishikwa na homa mlete upesi."

Baada ya siku chache maumivu yalipungua. Baba alimbeba Dhadho mgongoni hadi mtumbwini, akamlaza kivulini chini ya kanga, akampa maji. Njiani Mwanasha alimweleza baba jinsi alivyoanza kuzisukuma kunde kwa kijiti ili zipite. Walipokuwa katikati ya mto baba alimgeukia.

"Mwanangu, usimhukumu mtu kabla hujajua kinachomuuma. Na ukitaka kujua, usiusukume ukweli kwa kijiti. Mimi nilichelewa kujifunza hayo."

Kisha akashika kafi, akalipiga polepole ili mtumbwi usimtikise mtoto.