Kopo la Pumba

Kila alasiri, baada ya kuvua sare ya shule na kuosha vyombo, Kidoti alimfungua Mshale, mbwa wa shangazi yake, akampeleka malishoni. Mshale alikuwa wa ukoo wa mbwa wachungaji, na mbio alikuwa nazo. Tatizo ni kwamba kila alipowafikia kondoo, walitawanyika huku na huko.

"Huyo anachunga au anacheza kombolela?" kaka yake Kidoti alimtania.

Shangazi, mfugaji asiye na maneno mengi, alikuwa amekwisha kutoa kauli yake. "Jumamosi nataka awaingize kondoo zizini. Akishindwa, namrudisha kwa aliyenipa. Jumatatu tunahamia malisho ya ng'ambo ya barabara. Sitaki mbwa wa kunisukumia kondoo chini ya malori."

Kidoti alijikaza. Alijaribu kumfundisha siku tatu, akaambulia jasho tu. Ndipo alipokumbuka kopo la pumba, ambalo kondoo waliujua mlio wake. Jumamosi alilificha ndani ya sweta, akasimama langoni, akalitikisa kidogo. Kondoo wote wakaja mbio, Mshale akiwafuata nyuma.

"Ahaa! Umeweza, mwanangu!" shangazi alishangilia. "Jumatatu tunavuka naye."

Kidoti alitaka kushukuru, lakini lori likapita barabarani kwa kishindo. Taratibu akalitoa kopo.

"Shangazi, si Mshale aliyewaleta. Ni hili."

"Lo! Tumepigwa changa la macho na kopo!" kaka yake akaangua kicheko.

Shangazi hakucheka. "Ulimfundisha neno gani kwanza?"

"Zunguka."

"Hapo ndipo ulipokosea. Kuzunguka amezaliwa nako. Asichokijua ni kutulia. Anza na 'lala'. Nakupa wiki mbili. Jumatatu hatuvuki."

Kidoti alimfunga Mshale kamba ndefu. "Lala!" Akivuta kamba, walianza upya; akilala, alisifiwa. Walianza bila kondoo, wakaendelea na watatu, hatimaye kundi zima. Viganja vya Kidoti vilitoka malengelenge. Siku moja alilia kwa hasira, akajifuta machozi kwa kiwiko, akaishika kamba tena.

Siku ya kuvuka ilipofika, kondoo dume mmoja alichomoka kuelekea barabarani. Lori lilikuwa linakaribia.

"Zunguka!"

Mshale alimpita dume kama upepo, akamkatia njia.

"Lala!"

Mbwa akajilaza papo hapo, macho hayabanduki. Dume akasita, akageuka, akarudi kundini. Lori likapita, likawaachia vumbi.

"Kopo liko wapi leo?" kaka yake aliuliza, safari hii bila kejeli.

"Kuku wanalinywea maji."

Shangazi alimshika Kidoti bega. "Ungenyamaza siku ile, leo tungekuwa tunazika kondoo. Uliponiambia kwamba hujaweza, ndipo nilipojua pa kukusaidia. Hata darasani ni hivyo hivyo: ukinakili jibu la mwenzako, mwalimu atajuaje ulipokwama?"

"Nimeelewa, shangazi."

Kisha Kidoti akamgeukia Mshale, aliyekuwa bado amelala pale pale, akingoja. "Haya, inuka. Twende."