Maji ya Moto Siku ya Tatu ya Mvua

Aliyemshtua Mama Kibonge kwanza ni wifi yake, tena alimshtua huku amemshika mtoto, Kibonge, uchi na beseni linafuka mvuke.

"Wifi, haya maji umeyachemsha jikoni?"

"Nichemshe ya nini? Nimefungua bomba tu. Ya sola hayo."

Wifi akachungulia dirishani. Mvua ilikuwa siku ya tatu haijapumzika, na mbingu imefunga kama jalada. "Sola ya jua lipi?" akauliza. "Siku tatu hatujaona jua, na maji yanaunguza mkono. Nani kayapasha?"

Mama Kibonge akacheka, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Ile sola ilikuwa fahari yake. Mumewe aliiweka juu ya paa wiki ile ile aliyojifungua, akasema hataki kumwona mkewe na kidonda cha uzazi anabeba masufuria ya maji moto. Siku hiyo alijifungia chumbani akalia kidogo, maana hakuna mtu aliyewahi kumfikiria hivyo.

"Na kaka yangu anaoga nayo?"

"Yeye hapana. Anabandika yake jikoni. Anasema ya sola yanamlegeza."

Wifi alimwondoa mtoto karibu na beseni amkabidhi mama yake, na Kibonge, ambaye hajafikisha hata miezi mitano, akaangua kilio na kunyoosha mikono. Hakuinyoosha kwa mama. Aliinyoosha kwenye beseni.

"Mwite fundi," wifi akanong'ona. "Leo leo."

Fundi alikuja alasiri mvua ilipokatika. Ndiye aliyeifunga sola hiyo, mtu wa maneno mengi na kofia iliyopauka.

"Mama Kibonge, tangu nianze kazi hii naitwa kwa maji baridi. Wewe ndiye wa kwanza kunishtakia maji moto. Sasa nitengeneze nini, raha?"

Alianza na hita ya umeme iliyomo ndani ya tangi, ile ya akiba ya siku za mawingu. Labda swichi imenata, alisema. Akapima, hakuna umeme. Akachomoa nyaya zote mbili, akamshikisha mkononi. "Kaa nazo, usije ukanisingizia." Akapanda paani, akaifunika mirija ya kioo kwa blanketi zito isipate mwanga wowote, kisha akafungulia bomba mpaka maji yote ya moto yakatoka na tangi likajaa mapya, baridi kama ya kisimani.

"Bila jua, bila umeme, maji hayawezi kujipasha. Hapo hakuna ubishi. Kesho nitapita."

Kesho yake saa tatu asubuhi, blanketi bado liko juu, Mama Kibonge alifungua bomba la bafuni akaruka nyuma. Maji yalikuwa moto kuliko jana. Akafunga upesi, na alipofunga ndipo aliposikia sauti ndani ya bomba. Aliweka sikio ukutani. Mwanamke alikuwa anaimba kwa kufumba mdomo, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, na ule wimbo ukakatika katikati, ghafla, kama anavyonyamaza mtu aliyegundua kwamba kuna anayemsikiliza. Kule chumbani, peke yake kitandani, Kibonge akacheka.

Fundi aliporudi hakufanya mzaha hata mmoja. Alimtazama yule mama usoni, akapanda ngazi. Alifunga maji yanayoingia, akalikamua tangi mpaka tone la mwisho, akafungua kifuniko cha pembeni na kuingiza mkono mpaka begani. Alikaa hivyo kwa muda. Aliposhuka alikuwa na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa waya, na midomo yake imepauka kuliko kofia.

Mama Kibonge alikitambua kabla hakijafunguliwa. Ilikuwa fulana ya kwanza ya mwanawe, ile waliyoambiwa imepotea wodini. Ndani yake palikuwa na shungi la nywele ndefu nyeusi, na nywele hizo hazikuwa zake. Miezi yote hiyo ndani ya maji, na fulana ilikuwa kavu. Tena ilikuwa na vuguvugu, kama iliyovuliwa mwilini sasa hivi.

"Mama," fundi alisema kwa sauti ya chini, "siku ile nafunga, kabla sijakaza kifuniko, mumeo aliniomba nimpishe kidogo. Alisema anataka kuona ndani kulivyo. Nilishuka kunywa maji. Niliporudi, kifuniko kilikuwa kimeshakazwa."

Akakusanya vifaa vyake harakaharaka. Spana moja aliisahau paani na hakuifuata tena.

Mumewe aliingia magharibi, akaikuta fulana mezani. Hakuuliza ni nini.

"Umeitoa," alisema.

"Ni nani huyo?"

"Sema polepole."

"Nimekuuliza ni nani, Baba Kibonge."

Akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyechoka zamani. "Unakumbuka kifua changu. Nilikuwa natema damu, wewe una mimba. Nilikwenda kwa mtu. Akaniambia yuko mwanamke mmoja anayeishi majini, hana mtoto na hatapata. Ataubeba ugonjwa wangu kama nami nitam..."

"Ukampa mwanangu."

"Sikumpa! Alisema atamwogesha tu. Kila siku, mpaka mtoto amzoee."

"Na akishamzoea?"

Mumewe akatazama viganja vyake. "Mbona ulikuwa unayapenda hayo maji? Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unampelekea."

Neno hilo lilimwingia kuliko yote. Aliona asubuhi zake zote, beseni, taulo, yeye anamshukuru mume moyoni huku anamteremsha mwanawe mikononi mwa mwingine.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungekataa."

Usiku ule Mama Kibonge alijifunga mwanawe kifuani kwa kanga, akapiga fundo mara mbili, akajilaza hivyo hivyo kusubiri pakuche aondoke. Alijipa moyo kwamba tangi ni tupu, maji yamefungwa, na asiye na maji hana cha kumwogeshea mtu.

Alizinduka kweupe kunaanza. Fundo lilikuwa palepale, mara mbili, kama alivyolifunga, na kanga ilikuwa tupu.

Mvuke ulikuwa unatoka chini ya mlango wa bafuni. Mumewe alikuwa amekaa nje yake juu ya kigoda, taulo la mtoto limekunjwa vizuri mapajani.

"Ngoja kidogo," akamwambia, kwa upole. "Wanamaliza."

Akampita, akausukuma mlango, akaingia kwenye joto ambalo hata mkono wake mwenyewe hakuuona, akapapasa akifuata kicheko cha mwanawe na ule wimbo wa mdomo uliofumbwa, mpaka vidole vyake vikagusa mgongo mdogo wenye maji, na juu ya mgongo huo vikagusa vidole vingine, laini, vyenye moto, vilivyomshika mtoto vizuri kabisa, kama anavyoshika mama, na alipovuta navyo vikavuta, na alipovuta tena huku analitaja jina halisi la mwanawe, lile ambalo yeye na mumewe tu ndio waliolijua na ambalo halikuwahi kutajwa karibu na maji yale, vile vidole vikalegea kimoja baada ya kingine bila haraka.

Alitoka mbio, pekupeku, mtoto kamzungushia kanga. Alivuta mlango wa mbele, akaufunga kwa nje, akazungusha ufunguo.

Mumewe alikuwa ameshafika upande wa pili. "Mke wangu," aliita, anagonga kwa kiganja. "Mke wangu, usiniache na huyu. Uko wapi?"

Mama Kibonge akafumbua mdomo, na kabla hajatamka neno, sauti yake mwenyewe ikajibu kutoka ndani ya nyumba, kwa upendo.

"Nipo hapa, Baba Kibonge. Njoo uoge."

Akachomoa ufunguo kwenye kitasa, akautumbukiza mtaroni, akaondoka.