Ushuru wa Kufunga Kamba

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya gati, imenasa katikati ya nguzo mbili. Inspekta alipoinama kuitazama hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Mkoba wa risiti ulikuwa bado unaning'inia shingoni.

"Lipa Kwanza," alisema Sajini, dada mmoja mrefu asiyepoteza maneno.

"Ndiye."

Hilo ndilo jina alilopewa na mji mzima. Alikuwa mtoza ushuru wa gati, na wateja wake walikuwa wageni tu. Boti ya mwenyeji ilifungwa bure. Boti ya mgeni ililipa ushuru wa kufunga kamba, ushuru wa kukanyaga mbao za gati, ushuru wa kulala, na tangu mwaka jana, ushuru wa kivuli, eti paa la gati limejengwa kwa fedha za wenyeji. Asiyelipa alisukumwa arudi mtoni, awe na shida au asiwe nayo.

Vijana wa polisi waliivuta maiti juu. Nyuma ya kichwa palikuwa na jeraha refu. Inspekta aliomba picha zipigwe, akaambiwa kamera haina chaji. Aliomba glovu, akaletewa moja, ya mkono wa kushoto. Akashusha pumzi.

"Nani kaona chochote jana jioni?" aliwauliza watu waliojazana.

Hakuna aliyeona. Hakuna aliyesikia. Na kwa kuzitazama zile nyuso, hakuna aliyesikitika.

Pembeni ya mahali ilipotolewa maiti palikuwa na boti moja tu ya mgeni, imesheheni magunia ya vitunguu. Ilikuwa imekaa vibaya, mkia juu, pua chini, kama kuku anayekunywa maji. Watu wawili watatu waliicheka. Inspekta naye alitabasamu kidogo, kisha akaendelea na kazi yake.

"Nahodha wa hii yuko wapi?"

"Kalala gesti," alijibu mama muuza chai. "Jana jioni walitukanana na marehemu mpaka chai yangu ikapoa. Alitoa povu yule bwana! Mara mvua, mara mjamzito, mara roho ya mtu. Maneno ya watu wa maboti hayaishi."

Inspekta aliandika "walitukanana". Mengine hakuyaandika.

Nahodha walimkuta akipiga mswaki. Alitiwa pingu povu likiwa bado mdomoni.

*

"Ulimtishia marehemu."

"Nilimtukana, afande. Kutukana si kutisha."

"Ulisema atalipia."

"Kila mgeni anasema hivyo kwenye gati lenu. Mngewakamata wote."

"Jua lilipozama ulikuwa wapi?"

"Natafuta chakula."

"Na nani?"

"Na njaa yangu."

Inspekta aliiweka kalamu mezani. Mtu huyu alikuwa anajichimbia kaburi kwa ulimi wake mwenyewe.

Mkuu wa kituo aliingia bila kubisha. Alikuwa na simu sikioni na nyingine mkononi. "Huyu apelekwe mahakamani kesho asubuhi," alisema. "Shtaka ni mauaji. Mwenyekiti wa mji amenipigia mara nne."

"Afande, sijapata kifaa kilichotumika. Sina shahidi. Alama za vidole—"

"Una mgeni, una ugomvi, una maiti. Unataka nini tena, mchuzi?"

Akatoka. Nahodha alicheka kicheko kikavu. "Shtaka la mauaji," alisema. "Hiyo nayo ina ushuru?"

Wala haikuwa mzaha mtupu. Kosa hilo adhabu yake ni kunyongwa, na katika mji huu nahodha hakuwa na ndugu, wakili, wala mtu wa kumletea hata shati safi.

Adhuhuri, daktari alipiga simu. Marehemu alipigwa mara moja kwa kitu kirefu cha mviringo. Kwenye jeraha palikuwa na vibanzi vya mti. Maji yalikuwa mapafuni, maana yake alianguka akiwa hai. Inspekta na Sajini waliipekua boti ya vitunguu kuanzia mbele hadi nyuma. Walikuta mashine, turubai, sufuria na kasia moja la plastiki. Mti haukuwepo hata wa kuchokolea meno.

Walimhoji pia mlinzi wa gati, Mzee Upondo, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mti mrefu aliokuwa akisukumia boti za wasiolipa. Alikuwa ameketi mlangoni kwake, mikono katikati ya magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Jua lilipozama."

"Uliona kitu?"

"Sikuona."

Inspekta hakumbana. Mwezi uliopita tu walikuwa makaburini pamoja, mzee akimzika binti yake wa pekee, aliyeolewa kijiji cha juu ya mto na kufa kwa uzazi akiwa njiani kurudi nyumbani. Inspekta mwenyewe alitupia udongo. Alimshika bega, akamwambia apumzike.

Jioni alirudi gatini akiwa na kichwa kinachogonga. Karani wa ofisi ya gati alimpokea na karatasi mkononi.

"Ni nini hiki?"

"Ushuru wa boti ya vitunguu. Imelala hapa tangu jana."

"Boti hiyo ni kielelezo cha polisi!"

"Ni kielelezo cha mgeni, afande. Wageni wanalipa."

"Mwenyewe yuko mahabusu!"

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Inspekta aliikunja ile karatasi mpaka ikawa kama jiwe, akaitupa mtoni. Alitaka kupiga kelele. Mtu amekufa, mtu mwingine anakaribia kunyongwa, na hawa bado wanatoza! Akaketi juu ya gogo la kufungia kamba, akashika tama, akaikodolea macho ile boti kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyoua.

Mkia juu, pua chini.

Kila jioni bwawa la umeme lililoko juu ya mto hufunga milango yake, na maji yanashuka kimo cha kiuno. Wenyeji wanalijua hilo tangu utotoni. Wakifunga boti huachia kamba ndefu, iteremke na maji, wala hawafikirii, mikono yenyewe inafanya. Wageni hufunga kamba fupi, na asubuhi boti zao hukutwa zimetundikwa. Inspekta alijifunza kwa aibu. Wiki yake ya kwanza hapa aliifunga boti ya polisi kwa kamba fupi, ikalala imening'inia kama nguo, na mji ukacheka mwezi mzima.

Boti hii ilitundikwa upande wa nyuma. Upande wa mbele ilikuwa imeshuka na maji vizuri kabisa.

Alisimama. Kamba ya nyuma ilikuwa fupi, imekaza. Kamba ya mbele ilikuwa imeachiwa, imelegea vilevile anavyoilegeza mwenyeji.

"Sajini!" aliita. "Tunarudi kituoni. Haraka!"

*

Nahodha aliamshwa kutoka kwenye sakafu ya mahabusu.

"Kamba za boti ulizifunga wewe?"

"Zote mbili."

"Fupi au ndefu?"

"Fupi, afande. Boti ya vitunguu haitakiwi kutangatanga."

"Mbele na nyuma?"

"Mbele na nyuma. Kwani imeibiwa?"

"Haijaibiwa. Kuna mtu kaifungua mbele, kisha akaifunga tena kienyeji." Inspekta alivuta kiti. "Sasa niambie ulichombwatukia marehemu jana. Neno kwa neno. Safari hii naandika."

Nahodha aliketi wima. Utani ulimtoka usoni.

"Mwezi uliopita nilifika hapa na abiria mjamzito. Mvua inanyesha, uchungu umemshika. Nikamwambia yule bwana, nina mgonjwa, niruhusu nimshushe. Akasema lipa kwanza. Sikuwa na fedha zote anazotaka. Akaja, akafunua turubai, akamtazama yule dada usoni. Akalishusha turubai. Akasema tena, lipa kwanza."

"Halafu?"

"Akapiga mluzi, mlinzi akatusukuma kwa mti wake. Nikakimbilia gati la mbele. Hospitali walimpokea, lakini alikuwa ameshachelewa. Yeye na mtoto."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Hapa hapa. Kwa baba yake. Alisema baba yake anafanya kazi gatini. Mimi sikujua ni yupi."

Sajini aliacha kuandika. Mama muuza chai alikuwa amemwambia asubuhi: mvua, mjamzito, roho ya mtu. Naye Inspekta akaona ni porojo. Alijilaani kimoyomoyo mpaka maneno yakamwishia.

"Jana ulipoyasema hayo," aliuliza taratibu, "mlinzi alikuwepo?"

"Alikuwa amesimama nyuma ya marehemu na mti wake."

*

Mzee Upondo alikuwa pale pale mlangoni. Hakuonekana kushangaa.

"Mzee, upondo wako uko wapi?"

"Nimeupasua kuni."

"Lini?"

"Leo alfajiri. Umebaki majivu."

"Boti ya vitunguu, kamba ya mbele uliifunga wewe?"

Mzee alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuduwaa. "Umejuaje?"

"Umeifunga kama mwenyeji."

"Sikujua kama nimefanya hivyo," alisema mzee polepole. "Mikono ilifunga yenyewe."

Inspekta aliketi kando yake kwenye kizingiti. Sajini alibaki amesimama, daftari wazi.

"Eleza, mzee."

"Yule nahodha alipoondoka nilimfuata Lipa Kwanza. Nikamuuliza, yule mjamzito wa siku ya mvua, ulimtambua? Nilitaka aseme hapana. Wallahi, angesema hapana ningekwenda nyumbani. Uongo tu, mwanangu. Angenidanganya tu."

"Akasema nini?"

"Akasema, nilimtambua. Binti yako kaolewa nje, kaja na boti ya nje, basi ni mgeni. Ningemruhusu yeye, kesho kila mgeni angekuja na mjamzito. Akageuka akawa anafunga mkoba wake."

"Ukampiga."

"Mara moja. Akaanguka kati ya gati na ile boti, ikambana. Nikafungua kamba ya mbele, nikaisogeza boti nimtoe. Alikuwa hatikisiki tena. Nikaogopa. Nikafunga kamba, nikaondoka."

"Na ukaacha mtu asiye na hatia alale mahabusu!" Hasira za siku nzima zilimpanda Inspekta. "Ulijua tumemkamata. Nilikaa hapa hapa mbele yako, ukaniambia hukuona kitu."

"Nilijua."

"Angenyongwa!"

"Nilikuwa namtafutia chuki yule mgeni," alisema mzee. "Nimeketi hapa kutwa nzima najiambia, yeye ndiye aliyemchukua mwanangu kwenye boti yake, basi na aozee huko. Lakini chuki haikuja. Maana sasa najua nani aliisukuma ile boti. Lipa Kwanza alipiga mluzi tu. Aliyesukuma ni mimi. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, afande, kwa sababu mvua ilikuwa inaninyeshea na nilitaka kurudi kibandani."

Sajini alimvalisha pingu taratibu sana.

Kituoni, Mkuu alisoma maelezo mara mbili na kuuliza kama hayawezi kusubiri mpaka mwenyekiti aondoke mjini. Inspekta alichukua funguo mwenyewe akaenda kumfungulia nahodha.

Nahodha na mzee walikutana kwenye korido nyembamba, mmoja anatoka, mmoja anaingia. Mzee alisimama.

"Naomba nimuulize jambo moja," alimwambia Inspekta. Inspekta alikubali kwa kichwa.

"Mwanangu," mzee alimwambia nahodha, "tulipokuwa tunawasukuma, yeye alisema chochote?"

Nahodha aliinamisha kichwa. Alivifinyafinya vidole vyake.

"Sema tu," alisema mzee.

"Aliniomba nimwite baba yake. Aliniambia, piga kelele, mwite baba, akisikia atakuja." Akainua macho. "Sikumwita, mzee. Nilikuwa nabishana na yule bwana kuhusu ushuru. Nilikuwa nataka anipunguzie."

Mzee Upondo alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayepiga hesabu ya umbali.

"Ningesikia," alisema. "Nilikuwa pale pale."

Inspekta akamshika mkono, wakaingia ndani.