Mwanga Uliokatika Ghalani

Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa tu. Mimi ni msimamizi wa walinzi, na bosi alikuwa ameniletea tochi tatu nichague moja ya kikosi kizima. "Angalia inayomulika mbali," aliniambia, "na isiyomsumbua mtu kuiwasha."

Nikamwomba shemeji, mdogo wa mume wangu, aje anisaidie. Ni fundi umeme, mtu wa utani mwingi. Jua lilipozama tukaingia ghala la zamani, lile refu lisilotumika, lenye mlango mmoja. Kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho ni hatua mia mbili. Tukazima taa zote kwenye swichi kuu.

Shemeji akabeba ubao mweupe na kuanza kutembea, akihesabu hatua kwa sauti. Mimi nikabaki mlangoni, namulika.

Tochi ya kwanza ilikuwa ndogo, swichi iko kitakoni, unaibonyeza kwa kidole gumba hata ukiwa na glavu. Raha tupu. Ila hatua ya sitini ubao ukafifia. Ya pili ilikuwa nzito, ya kuzungusha kichwa, inataka mikono miwili.

"Hiyo mwizi atakukuta bado unazungusha!" shemeji alinicheka kutoka gizani.

Ilifika mia.

Ya tatu ilipiga hadi mwisho. Niliuona ukuta, tofali kwa tofali. Shemeji akazidi kwenda.

"Mia ishirini na nane... ishirini na tisa... mia thelathini."

Mwanga ukakatika.

Haukuzimika. Tochi ilikuwa inawaka mkononi mwangu. Mwanga ulikwenda hadi katikati ya ghala ukaishia hapo, kama umegonga pazia jeusi.

"Shemeji, washa taa ya simu yako basi."

"Nimewasha."

"Acha masihara. Huku giza tupu."

Nikawasha ya pili. Ikaishia hatua sabini. Ya kwanza ikaishia hatua arobaini. Nikairudia ya tatu, ile kali... thelathini.

Giza lilikuwa linakuja.

Pua yangu ikapata harufu ya nywele zilizoungua.

"Rudi!" nikamwambia. "Rudi sasa hivi!"

Nikasikia viatu vyake, anahesabu upya, anarudi. Hamsini... mia... mia thelathini. Hapo ilibidi awe mbele yangu. Mia na sitini. Mia na tisini...

"Shemeji," alisema, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Mbona sifiki?"

Sauti yake ilikuwa mbali vilevile. Swichi kuu ilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Niliutaka mguu uende. Haukwenda.

"Ahaa!" akasema ghafla. "Nimekuona."

Halafu, kwa kunong'ona:

"Huyo nyuma yako ni nani?"

Sikugeuka.

Sijui niliifikiaje swichi. Taa zikawaka, ghala likawa jeupe pe. Halikuwa na mtu. Ubao ulikuwa umelala sakafuni, katikati.

Walinzi wenzangu walipekua mpaka darini. Hakuna kitu. Mkongwe wao, aliyekuwepo tangu enzi za tajiri wa kwanza wa ghala hilo, akanivuta pembeni.

"Tajiri alifukia kitu humo," alininong'oneza. "Zindiko, uganga wa kulinda mali yake. Sikuwahi kuliona. Ninachosikia ni kwamba halichukui mtu hivihivi. Linabadilishana."

"Linabadilishana na nini?"

Akatazama juu ya bega langu. Akaondoka bila kuniaga.

Kumwambia mama mkwe ilikuwa kazi yangu, si ya mwingine. Nilikwenda kwake peke yangu, kwa miguu, njia nzima natafuta maneno ya kumwambia mzazi kwamba mwanawe amepotea ndani ya chumba chenye mlango mmoja, na mimi nimesimama mlangoni. Sikuyapata. Nikabisha hodi.

Alifungua. Akanitazama. Macho yake yakahamia pembeni yangu kidogo, yakatulia hapo, akajibana ukutani kupisha.

"Karibuni," alisema. "Ingieni."