Koti Lililogeuzwa

Mtamba wao mwekundu wa ng'ombe alikuwa ametorokea kwenye msitu wa miti ya hazeli kwenda kuzaa, na Fintan alimfuata baada tu ya chakula cha mchana. Siku za mwezi wa pili huko Leitrim ni fupi kama roho ya bahili. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mlima na Fintan, mume wa Sorcha, hajarudi.

Sorcha akavaa koti lake zito la sufu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Attracta, mama mkwe wake, bila kugeuza shingo kutoka jikoni.

"Kumtafuta mwanao."

"Wewe? Uliyekulia mjini? Utatutia kazi ya kutafuta wawili."

"Basi nikae hapa nimenye viazi?"

Hawakupendana hawa wawili, wala hawakujisumbua kuficha. Lakini Attracta akaweka kisu chini. "Njia ikikukataa mle, vua koti uligeuze nje ndani, ulivae tena. Wenye msitu, wale wasio watu, hawatakuona, na njia utaiona. Usilivue mpaka uvuke ukuta wa msitu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama." Alikuwa akisikia hayo tangu aolewe, na kila mara aliyacheka.

Mbwa alimsindikiza hadi kwenye pengo la ukuta wa mawe, akaketi hapohapo. Sorcha akambembeleza. Akamtukana. Mbwa hakuinuka.

Ndani, miti ilikuwa mifupi, imepindana, imevikwa kijani cha kuvumwani hadi matawini. Harufu ya majani yaliyooza ilimjaa puani. Hakuna ndege aliyelia. Akaita, "Fintan!" na sauti yake ikafia palepale mdomoni. Tawi likamshika nywele. Akajinasua, akapita jiwe lililopasuka katikati, akashuka bondeni, akapanda…

Jiwe lililopasuka.

Akashika njia nyingine, mbio sasa, miiba ikimchana mikono.

Jiwe lililopasuka.

Hapo kicheko kilimwisha. Akavua koti, akaligeuza, akalivaa huku bitana ya buluu ikiwa nje. Mara pengo la ukuta likaonekana, karibu kabisa, na mbwa ameketi palepale. Angetoka. Laiti angetoka!

Mtu akakohoa nyuma yake.

Fintan alikuwa ameketi juu ya lile jiwe, shati limelowa, meno yakigongana.

"Sorcha…" akanong'ona. "Baridi."

"Mungu wangu! Koti lako liko wapi?"

"Limebaki kule."

"Na mtamba?"

Akamkodolea macho kana kwamba hajawahi kumsikia ng'ombe maishani. "Nipeleke nyumbani. Sioni njia."

Mke gani angemwacha? Sorcha akavua koti lake, akaanza kuligeuza lirudi sawasawa.

"Hapana," akasema yule. "Hivyohivyo."

Akamvika hivyohivyo, akamshika mkono na kumwongoza. Kwenye pengo la ukuta mwanamume akasita, akatanguliza mguu mmoja, kama mtu anayejaribu maji ya mto. Kisha akacheka kidogo.

Fintan hakuwa na kicheko kile.

Mbwa akakimbia, mkia katikati ya miguu.

Nyumbani, Attracta aliinua taa. Hakutazama uso wa mwanawe. Alitazama bitana ya buluu.

"Nani kamvika?"

"Mimi, Mama. Alikuwa anakufa kwa baridi…"

"Kwa mkono wako?" Bibi kizee akakaa kitini kwa kishindo. "Basi ndiwe uliyemtoa mwenye msitu. Ewe mwanamke! Na mwanangu je?"

"Si huyu hapa!"

Huyu hapa alikuwa amekaa mbele ya moto, ametulia. Nguo zake mbichi hazikutoa mvuke hata chembe.

Ndipo mtamba akalia kutoka msituni. Na baada yake sauti, yenye kukwaruza, yenye hasira ya kawaida ya mtu aliyechoka:

"Sorcha! Nimempata! Leteni taa, njia siioni!"

Sorcha akanyakua koti la Attracta ukutani, akaligeuza huku anakimbia, taa mkononi. Akaupapasa ukuta wa mawe kuanzia kijito hadi barabarani.

Pengo halikuwepo.

Akaupanda ukuta. Akaruka upande wa pili… akajikuta amesimama uani kwake. Akarudi, akaruka tena. Uani. Fintan aliita, akaita, kisha akaanza kulia, na Sorcha akalia naye, amekumbatia mawe, mpaka sauti ile ikakatika.

Kulipopambazuka mtamba alikuwa mlangoni, kiwele kimejaa. Pembeni yake ndama alisimama kwa miguu iliyolegea, amefungwa koti la Fintan. Limegeuzwa nje ndani, vifungo vyote vimefungwa kwa uangalifu. Njia ilipomkataa, Fintan alikuwa amelivua lake mwenyewe ili angalau kiumbe kile kifike nyumbani.

Sorcha akapiga magoti topeni. Akalinusa lile koti. Lilikuwa bado lina harufu ya tumbaku yake.

Mlango ukafunguliwa nyuma yake. Attracta alikuwa ndani anamimina chai, buli likigongagonga vikombe. Kizingitini alisimama yule, bitana ya buluu mabegani.

"Ingia ndani, mke wangu," akasema kwa upole. "Chai inapoa."